Miradi ya maabara kwenye mfumo wa kompyuta: tugawe kwa mfadhili, kwa zao au kwa swali la utafiti?

Mwanakorosho, Mtwara

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo ya wanaosimamia kumbukumbu za maabara za baiolojia, hasa za magonjwa ya mimea.

Maabara yetu iko Mtwara. Hadi sasa kumbukumbu ziko kwenye madaftari na majedwali ya Excel, kila mtafiti na lake. Tunahamia eLabFTW, programu ya daftari la maabara la kompyuta, imeshasimikwa kwenye seva iliyomo humu humu ofisini. Kabla hatujaingiza hata sampuli moja tunataka tukubaliane mradi ni kitu gani, maana tukikosea hapa tutakuja kubomoa na kujenga upya msimu ukiwa umeshapamba moto.

Kazi zilizopo ni hizi. Kuna mnyauko wa mikorosho unaoletwa na Fusarium: tunakusanya vipande vya shina na mizizi, tunaotesha kuvu, tunatoa DNA, tunafanya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) na kupeleka kusomwa mfuatano wake. Kuna upimaji wa ukinzani wa kloni za mikorosho dhidi ya kuvu hiyo hiyo, kwenye miche ya kitaluni. Kuna ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe wa mikorosho, wenye shamba la majaribio ya viuatilifu. Kuna virusi vya mihogo, batobato na michirizi ya kahawia. Halafu kuna udongo wa wakulima na wa AMCOS (vyama vyao vya ushirika), ambao huja tu na wenyewe wanalipia vipimo.

Wengine wanataka mradi mmoja kwa kila mfadhili kwa sababu ya ripoti. Wengine wanasema kwa zao. Wanafunzi wa uzamili wanataka kila mtu awe na wake. Shida ya pili: aisoleti, yaani kuvu zilizotengwa na kuoteshwa peke yake, zilizotoka kwenye kazi ya mnyauko ndizo zinazotumika kwenye kazi ya ukinzani. Sasa aisoleti hiyo iandikwe mradi upi? Tukiiandika mara mbili tunapata kumbukumbu mbili za tyubu moja.

Naomba pia ushauri wa namba za sampuli na lebo, na namna ya kuvuka umeme ukikatika.

SahaniYaPetri, Morogoro

Mkuu, mgawanyo wowote kati ya hiyo mitatu utakukwamisha kama sampuli zitakaa ndani ya mradi. Toa sampuli nje kwanza. Sampuli ni mali ya maabara, mradi huikopa tu. Ukishakubali hilo, swali lako la pili linajijibu: aisoleti inaandikwa mara moja, kisha inaunganishwa na kila mradi unaoitumia.

Kwenu hili lina uzito kuliko kwa mtu anayefanya kazi na mazao ya msimu mmoja. Mkorosho unaishi miongo kadhaa. Mti ulioko kwenye shamba la ubwiriunga leo, mwaka kesho utachukuliwa vikonyo kwa ajili ya kazi ya ukinzani, na baadaye unaweza kunyauka ukaingia kwenye kazi ya Fusarium. Mradi utafungwa na mti utabaki umesimama pale. Ukiuandika mti ndani ya mradi wa ubwiriunga, miaka mitatu mbele utakuwa na miti mitatu kwenye kompyuta na mmoja shambani.

Kwenye eLabFTW mambo yako pande mbili: majaribio, yaani kazi iliyofanyika siku fulani, na rasilimali, yaani vitu vinavyodumu. Upande wa rasilimali tengeneza makundi haya: Mti, Sampuli ya shambani, Aisoleti, DNA/RNA, Praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR), Boksi la friza, Itifaki, na Mradi. Ndiyo, Mradi nao ni kundi la rasilimali, si folda. Jaribio linaunganishwa na mradi wake na sampuli ilizotumia. Ukifungua ukurasa wa mradi unaona majaribio yote yaliyounganishwa nao, na ukifungua ukurasa wa aisoleti unaona miradi yote iliyoigusa. Kiungo kinaonekana kutoka pande zote mbili.

Kinachofuata ni ukoo wa sampuli, na hapa usifanye haraka. Kila kitu kinachotoka kwenye kitu kingine kipewe namba yake na kiunganishwe na mzazi wake. Mfano wa kazi ya mnyauko:

Mti T000318 → kipande cha shina S004127 → aisoleti S004203 → aisoleti ya spora moja S004230 → DNA S004377 → faili la mfuatano.

Watu huruka hatua ya spora moja, yaani kuotesha upya kutoka chembe moja ya uzazi ya kuvu, wakaiita aisoleti namba ile ile ya mwanzo kwa kuwa "ni kuvu hiyo hiyo". Si hiyo hiyo. Koloni ya kwanza iliyoota kutoka kwenye kipande cha shina inaweza kuwa mchanganyiko. Tuseme majibu ya mfuatano yamerudi yanasema Trichoderma badala ya Fusarium. Kama ukoo umeandikwa, unaangalia ndugu: DNA nyingine iliyotolewa kwenye S004230 inasema nini? Ikisema Fusarium, basi kosa liko kwenye tyubu ya S004377, imebadilishana na jirani yake. Zote zikisema Trichoderma, uchafu uliingia kabla, na unarudi kwenye S004203 kuotesha upya. Bila ukoo huwezi kujua, unatupa vyote na kuanza upya shambani.

Kwenye kundi la Aisoleti weka sehemu hizi za lazima: mzazi, tarehe ya kuotesha, chakula cha kuvu, joto, mara ngapi imehamishiwa sahani mpya, na mahali ilipo. Idadi ya kuhamishwa ina maana kubwa kwa Fusarium, maana ikihamishwa mara nyingi kwenye PDA (chakula cha kuvu cha viazi) inaweza kupungua makali yake ya kuambukiza. Kazi yenu ya ukinzani ikionyesha kloni zote zimevumilia, swali la kwanza liwe: aisoleti iliyotumika ilikuwa ya mhamisho wa ngapi?

Sasa mradi. Mimi naupa alama nne: una swali moja linaloweza kujibiwa, una msimamizi mmoja, una tarehe ya kuanza na ya kufungwa, na una orodha moja ya watu wenye ruhusa. Kazi mbili zikitofautiana swali, ni miradi miwili hata kama zao ni moja. Kwa hiyo "mnyauko: ni kuvu gani na iko wilaya zipi" ni mradi, na "mnyauko: kloni zipi zinastahimili" ni mradi mwingine.

Chikongola_Data, Mtwara

Naongezea upande wa shambani na namba, kwa sababu mfumo mzuri wa kompyuta hauokoi lebo mbovu.

Namba ya sampuli isiwe na maana ndani yake. Watu wanapenda TAN-NEW-FUS-25-03, eti unaisoma tu unajua imetoka Newala. Siku ikigundulika kwamba kuvu si Fusarium, au kijiji kilikuwa upande wa Tandahimba, namba inakuwa ya uongo na huwezi kuibadilisha kwa sababu imeshaandikwa kwenye tyubu, kwenye daftari na kwenye jina la faili. Herufi moja na tarakimu sita zinatosha: S004127. Mengine yote yakae kwenye sehemu za kujaza, ambako yanaweza kusahihishwa.

Herufi hiyo ya mbele iwepo. Ukiandika 004127 peke yake, Excel itakata sifuri za mwanzo ikakuachia 4127. Vilevile usiite mti "3-8" ukimaanisha kitalu cha 3 mti wa 8, maana Excel itaugeuza kuwa tarehe. Kisima, yaani kishimo kimoja cha pleti ya kupimia, kikiandikwa "2E10" kwa maana ya pleti ya 2 kisima E10, kinageuka kuwa namba kubwa yenye sifuri kumi. Makosa haya hayapigi kelele, unayakuta wakati wa kuchambua.

Lebo zichapishwe mapema kwa roli, hata 1,000 kwa mkupuo, kila namba mara tatu: moja ya mfuko wa shambani, moja ya fomu, moja ya akiba. Anayekwenda Masasi au Nanyumbu anabeba roli lake na hatungi namba njiani. Kwa tyubu za mililita 1.5 na 2, lebo ya milimita 25 kwa 13 inakaa vizuri ubavuni, na kiduara kidogo juu ya kifuniko. Tumieni bakodi ya mraba badala ya ile ya mistari, maana ya mistari ikizunguka kwenye tyubu nyembamba mashine haiisomi. Printa iwe ya riboni ya resini. Zile za karatasi ya joto isiyo na riboni, kama za risiti, hufifia, na ukizipitishia pamba yenye ethano maandishi yanaharibika. Kalamu ya kawaida ya kudumu nayo ethano inaifuta.

Kwa joto na unyevu wetu wa pwani, mfuko wa karatasi wenye jani bichi hauvumilii safari. Jani likatwe, litiwe kwenye mfuko wenye silika jeli (chembe za kunyonya unyevu), uzito wa silika uwe angalau mara kumi ya jani, na rangi ya silika ikibadilika ibadilishwe usiku huo huo. Namna ya kuhifadhi iwe sehemu ya lazima kwenye fomu: silika, barafu, au bichi. Majibu ya PCR yakikataa, mtu atataka kujua hilo kabla hajalaumu praima.

Fomu ya shambani tengenezeni kwenye programu za simu, KoboCollect au Field Book. Zote zinajaza bila intaneti na kutoa jedwali la CSV ambalo eLabFTW inalipokea. Mambo matatu ya kuwekea kinga ndani ya fomu:

Saa. Msaidizi wa shambani akiandika "saa 2 asubuhi" anamaanisha 08:00. Akiandika 2:00 mfumo unaelewa usiku wa manane. Fomu ichukue saa ya simu yenyewe, mtu asiandike.

Majira ya nukta. Sisi tuko kusini mwa ikweta, latitudo ni hasi. Mtwara mjini ni kama −10.27 na 40.18. Alama ya kutoa ikisahaulika, sampuli yako imehamia Ethiopia. Ukizigeuza mbili hizo, latitudo mahali pa longitudo, inaangukia Bahari ya Atlantiki, magharibi ya Ureno. Wekeni kanuni: latitudo kati ya −12 na −7, longitudo kati ya 35 na 41, nje ya hapo fomu ikatae.

Majina ya vijiji. Majina yanajirudia wilaya hadi wilaya, na yanaandikwa kila mtu kwa tahajia yake. Msiandike, mchague kwenye orodha: mkoa, wilaya, kata, kijiji.

Na kwa mihogo, nafasi ya jani iandikwe. Batobato huonekana zaidi kwenye majani machanga ya juu, michirizi ya kahawia kwenye majani yaliyokomaa ya chini. Sampuli iliyoandikwa "jani" tu haitoshi kukwambia kwa nini kirusi hakikuonekana. Kipimo cha ukali wa dalili nacho kinaanzia 1, na 1 ni mmea usio na dalili. Anayeandika 0 anaharibu wastani wa shamba zima, kwa hiyo fomu ikubali 1 hadi 5 pekee.

Mwanakorosho, Mtwara

Asanteni sana. Hoja ya mti kuishi kuliko mradi imetufungua macho, tulikuwa tunaandika mti upya kila msimu.

SahaniYaPetri, nimekuelewa kuhusu swali moja mradi mmoja. Lakini mhasibu anataka msimbo wa fedha, na mfadhili anataka ripoti ya kila alichokilipia. Kuna fedha moja inayolipia miradi miwili, na kuna praima zilizonunuliwa kwa fedha ya mihogo zinazotumika pia kwingine. Na wanafunzi je? Na msimu, uwe mradi mdogo ndani ya mradi?

Mama_Seva, Lindi

Hapo nami niseme, kwa heshima ya waliotangulia.

Fedha iwe sehemu ya kujaza kwenye jaribio, si kwenye mradi peke yake. Kila jaribio likipokea msimbo wa fedha kutoka kwenye orodha, unachuja na kupata ripoti ya mfadhili kwa dakika chache, hata kama kazi zake zimetawanyika kwenye miradi mitatu. Ukiweka msimbo kwenye mradi tu, siku fedha ya pili ikiingia katikati ya kazi ile ile hutaweza kutenganisha nani amelipia nini. Praima na kemikali ziandikwe fedha iliyozinunua, basi.

Mwanafunzi asiwe na mradi wa jina lake. Akihitimu anaondoka, na anayerithi kazi hataijua kwa jina la mtu. Mwanafunzi ni mtumiaji mwenye ruhusa ya kuandika kwenye mradi wa maabara, na majaribio yake yanabeba jina lake yenyewe kwa kuwa mfumo unaandika nani kaingiza. Lakini akaunti iwe ya mtu mmoja. Nywila ya pamoja iliyobandikwa ukutani inafuta maana yote ya kumbukumbu.

Msimu hapa naungana na wanaoutaka uonekane, ila usiwe mradi. Uwe lebo ya jaribio. Na uandikwe kwa miaka miwili: msimu wa korosho unaanza na maua katikati ya mwaka, mavuno yanakwenda mpaka mwanzo wa mwaka unaofuata. Mkiandika "2025" tu, upuliziaji wa Julai na uzani wa korosho za Januari vitaangukia misimu miwili tofauti, na shamba la ubwiriunga litaonekana halina mavuno. Andikeni 2025/2026.

Kwenye ukurasa wa kila mradi wekeni pia vibali, na tarehe ya kila kimoja kuisha: kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) pale kinapohitajika, mkataba wa kuhamisha sampuli, na cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) kwa kinachovuka mpaka. Watu hutunza vibali kwenye barua pepe ya mkuu wa kituo, halafu DNA iko tayari kusafirishwa na hakuna anayejua mkataba uliisha lini.

Majina na simu za wakulima yasiingie kwenye ukurasa wa sampuli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu. Mkulima apewe namba, na jedwali linalounganisha namba na jina likae kwenye mradi wenye ruhusa ya watu wawili au watatu. Mwanafunzi anayefanya PCR hahitaji kujua simu ya mtu wa Nachingwea.

Hali za mradi ziwe chache: unaandaliwa, unaendelea, umesimama, umefungwa. Kufunga kuwe na sharti: hakuna jaribio lisilo na hitimisho, hakuna tyubu isiyo na mahali, mafaili ghafi yamepakiwa, na kila aisoleti imeamuliwa kama inabaki kwenye hazina ya maabara au inateketezwa. Jaribio lililoshindwa nalo lifungwe kwa hitimisho lake, limeandikwa sababu. PCR iliyokataa kwa sababu ya utomvu wa mkorosho ni taarifa kamili: iandikwe DNA ilikuwa na uwiano gani wa 260/230 (kipimo cha usafi wake), na kama PVP, kemikali ya kunasa uchafu wa mmea, iliongezwa kwenye bafa ya CTAB ya kutolea DNA. Msipoandika, mwanafunzi wa mwakani atarudia kosa hilo hilo kwa kemikali zile zile za bei kali.

Udongo wa wakulima utoeni kabisa kwenye miradi. Hiyo ni huduma. Haina swali, ina mteja, vipimo vilivyoombwa, malipo na tarehe ya kutoa majibu. Ikiingia kwenye miradi, itameza kila kitu kwa wingi wake. Kama sampuli ni nyingi, SENAITE, programu ya maabara za vipimo, imejengwa kwa kazi ya namna hiyo: kupokea, kupima, kuhakiki, kutoa ripoti. Kama ni chache, tengeneza timu ya pili ndani ya eLabFTW hiyo hiyo.

FundiSeva, Dar es Salaam

Upande wa mitambo, kwa ufupi.

eLabFTW ni programu huria, inaendeshwa kwenye Docker na hifadhidata ya MySQL, na inatumika kwa kivinjari. Seva ikiwa ndani ya ofisi, intaneti ikikatika kazi inaendelea kwa mtandao wa ndani. Kinachoua ni umeme. Seva ipewe UPS (betri ya akiba) yenye waya wa mawasiliano, na programu ya kuizima seva taratibu betri ikifika asilimia 30. Swichi na ruta nazo zikae kwenye UPS hiyo. Wengi huisahau ruta, seva inawaka na hakuna anayeifikia.

Nakala rudufu ni ya vitu viwili, na watu huchukua kimoja. Hifadhidata ina maandishi, lakini picha za jeli na mafaili ya mfuatano yako kwenye folda ya mafaili yaliyopakiwa. Ukirudisha hifadhidata peke yake, kurasa zote zipo ila viambatisho vyote vimevunjika. Vichukuliwe vyote viwili kila usiku, nakala moja kwenye diski ya nje, nyingine nje ya jengo. Faili la mipangilio lenye ufunguo wa siri litunzwe pia. Kisha kila robo mwaka mrudishe nakala kwenye kompyuta nyingine mwone inafunguka. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa msiitegemee.

Kuhusu kuchagua mfumo: kwa maabara yenye kazi zenu, eLabFTW inatosha. openBIS ya ETH Zurich ina ngazi kali zaidi, na inashughulikia mzazi na mtoto wa sampuli kwa undani, lakini inataka mtu wa kuisimamia muda wote. Baobab LIMS, iliyotengenezwa Afrika Kusini, ililenga hazina za sampuli za kibaiolojia. Msihame mfumo kwa sababu ya kitufe kimoja kinachokosekana.

Excel za zamani: msizipakie zilivyo. Safu mlalo moja iwe kitu kimoja, tarehe zote ziwe kwa mpangilio wa 2025-07-14, na "hakuna", "-", "N/A" na kisanduku kitupu viamuliwe vina maana gani. Sifuri na "haikupimwa" ni vitu viwili tofauti. Jaribuni kwanza na safu 20, mzihakiki kwa macho, ndipo mpakie zilizobaki.

Kisima_H12, Mbeya

Moja tu ambalo halijaguswa: pleti. Kwenye pleti ya visima 96 kuna wanaojaza kwa kushuka, A1, B1, C1, na kuna wanaojaza kwa kwenda kulia, A1, A2, A3. Pipeti ya vichwa 8 inashuka, Excel na kichwa cha mtu vinakwenda kulia. Matokeo yake A1 ya kwanza na H12 ya mwisho ndizo pekee zinazolingana, nyingine zote zinageuka, na kwa kuwa kisima cha kwanza kiko sahihi hakuna anayeshtuka.

Kiolezo cha jaribio la PCR kiwe na jedwali la kisima, namba ya sampuli na kazi yake, na ujazaji uwe wa aina moja kwa maabara nzima. Kidhibiti hasi (kisicho na sampuli) na kidhibiti chanya (chenye jibu linalojulikana) viwekwe mahali pasipo na ulinganifu, kwa mfano H12 na C5. Mkiviweka A1 na H12, mtu akiigeuza pleti kichwa chini A1 inakwenda H12 na mpangilio unaonekana sawa. Kwa mihogo ongezeni kidhibiti cha hatua ya kutoa RNA, tyubu iliyopitia kila kitu bila jani, ili uchafu ukionekana mjue uliingia kabla ya PCR au wakati wa PCR.

Na ujazo uandikwe. DNA ikiwa na mikrolita 50 na kila PCR inakula 2, baada ya marudio na majaribio ya praima tyubu ni tupu huku mfumo unasema ipo. Gawanyeni mapema kwenye tyubu ndogo, kila moja na namba yake, mzazi akibaki bila kuguswa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri.

Mwanakorosho, Mtwara

Nashukuru sana wakuu wangu. Tumekubaliana hivi: miradi minne kwa maswali manne, udongo timu yake, miti na aisoleti kwenye rasilimali, fedha na msimu kwenye jaribio. Roli za lebo tunaagiza wiki hii.

Limebaki friza la zamani. Lina maboksi ya miaka mingi, tyubu zimeandikwa kwa kalamu, nyingine "F3", nyingine "mpya", nyingine hazina kitu. Tuziingize zote, au tuanze na za sasa tu?

SahaniYaPetri, Morogoro

Anza na maboksi, tyubu baadaye. Kila boksi lipewe namba na ukurasa wake, na picha mbili: kifuniko, na ndani likiwa wazi ili nafasi zote 81 zionekane. Hiyo ni kazi ya siku mbili tatu na tayari inakupa ramani ya friza.

Tyubu isajiliwe siku inapotolewa kutumika. Kama maandishi yake yanapatikana kwenye daftari au Excel fulani, ipewe namba mpya, maandishi ya zamani yaingie neno kwa neno kwenye sehemu ya "jina la awali", na picha ya ukurasa wa daftari iambatishwe. Kama hayapatikani, ipewe namba na hali ya "asili haijulikani". Yenye hali hiyo isiruhusiwe kwenye matokeo yoyote yanayotaja mahali. Aisoleti unaweza kusoma mfuatano wake ukajua ni kuvu gani, lakini imetoka Newala au Liwale huwezi kujua, na usikisie kwa kuangalia majirani zake kwenye boksi.

Wakati wa kupiga picha, weka chini ya boksi vifurushi vya barafu vilivyolala usiku kwenye friza hilo hilo la nyuzi 80, na usizidishe dakika kumi nje. Futa utando wa barafu kwenye vifuniko kwa kitambaa kikavu, si kwa ethano, maana maandishi ya kalamu ndiyo ushahidi pekee ulionao na yataondoka na kitambaa.

Kazi hii ifanywe na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akiandika. Herufi O na sifuri wasome "herufi O" na "sifuri", na pasiposomeka waandike alama ya kuuliza badala ya kukisia.